Gitaa la Maganga na Asali ya Mkwe

Mume wangu Maganga ana duka la spea za majembe ya ng'ombe hapa Bariadi, na kama angeishia kuuza spea ningekuwa mwanamke mwenye amani. Tatizo ni kwamba anapenda pia kutengeneza. Pasi yangu aliitengeneza. Sasa tunazuilia mlango usipigwe na upepo. Feni aliifungua ili izunguke haraka zaidi. Ikazunguka haraka kweli, ikatoka darini ikatufuata mezani. Mimi ni fundi cherehani, na tulipooana nilimwambia mapema: siku utakayoigusa cherehani yangu na bisibisi, narudi kwetu Mkula.

Kitu pekee ambacho hakuwahi kukiharibu ni gitaa lake. Ni gitaa la umeme, jekundu, alilinunua Mwanza kwa bendi moja iliyosambaratika, na analipigia kwaya ya kanisa letu tangu kabla hajanijua. Sitawaficha, gitaa hilo ndilo lililoniozesha. Nilikuwa naimba sauti ya pili, naye alikuwa amekaa pale pembeni kainamisha kichwa, vidole vinatembea, na mimi nikaanza kukosea maneno ya nyimbo ninazozijua tangu utotoni.

Mama yangu, Nyamizi, hakufurahi. "Mpiga gitaa ana ng'ombe wapi?" aliuliza. Maganga akawatafuta ng'ombe, akawaleta wote, hata yule wa mwisho aliyekuwa na pembe moja. Mama akawapokea, na kuhusu gitaa hakusema neno tena hadi mwaka jana.

Wala hangeweza kumwambia mwenyewe. Kwetu Usukumani mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia shambani mpaka mwenzake apite. Siyo chuki, ni heshima, na Maganga anaishika heshima hiyo kuliko wazee wenyewe. Siku moja alimwona mama anashuka kwenye basi, akajitosa kwenye saluni ya kike iliyokuwa karibu, akakaa humo mpaka wakamwuliza anataka kusukwa mtindo gani.

Sasa sikilizeni yaliyotokea.

Mwaka jana gitaa lilianza kufa. Ndani ya gitaa la umeme, chini ya nyuzi, kuna visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele. Wapiga gitaa huviita pikapu. Hizo ndizo zinazosikia nyuzi na kupeleka sauti kwenye spika, na za Maganga zilikuwa zimechoka, sauti inakuja na kupotea. Akaagiza mpya Kariakoo, zikaja kwa basi zimefungwa kwenye gazeti. Akatoa bisibisi. Nikatoka nje, sikutaka kuona.

Akazifunga mwenyewe, nyaya akazichomelea kwa msumari alioupasha moto kwenye jiko langu la mkaa, na cha ajabu zikafanya kazi. Ila zilikuwa na ugonjwa mmoja. Akiongeza sauti kidogo tu, gitaa linapiga mluzi mkali kama birika lililosahauliwa motoni. Jumapili ya kwanza lilipiga mluzi katikati ya mahubiri, na hakuna mtu aliyekuwa analigusa. Watoto wakacheka. Mwalimu Clement hakucheka.

Mwalimu Clement ndiye kiongozi wa kwaya. Alihamishiwa huku kutoka Moshi, anafundisha hesabu, mtu safi, anapenda kila kitu kiwe mahali pake. Alikuwa ameleta kinanda kipya chenye sauti zote ndani yake, filimbi, ngoma, hata gitaa. Akamwita Maganga pembeni. "Kaka, nakuheshimu. Lakini siku ya mavuno wanakuja wageni. Likipiga mluzi siku ile, gitaa lipumzike moja kwa moja, tubaki na kinanda."

Maganga alirudi nyumbani hakula. Mtu mwingine akinyang'anywa gitaa anabaki na mpira, au pombe, au siasa. Huyu wangu hana kingine. Kwa wiki nzima ni majembe, minyororo na nati, na Jumapili ndiyo siku moja anayokuwa Maganga. Nilimwonea huruma mpaka nikamruhusu atumie sufuria yangu.

Maana dawa aliipata kwenye simu. Mzungu mmoja mwenye ndevu alionyesha kwenye video kwamba pikapu zinazopiga mluzi huchovywa kwenye nta ya nyuki iliyoyeyushwa, nta inaingia kati ya nyaya na kuzishika zisitetemeke. Nikamwambia mishumaa imejaa dukani. Akaniangalia kama nimetukana. "Mishumaa ni ya umeme ukikatika. Huyu amesema nta ya nyuki."

Mama anafuga nyuki Mkula, kwenye mizinga aliyoachiwa na marehemu baba. Nikampigia simu. "Mayu, mkwe wako anaomba nta. Nta tu. Nta kavu."

"Nimesikia," akasema mama.

Kesho yake likaja dumu lililokatwa mdomo, limejaa masega ya asali mpaka yanachuruzika, majana, yaani watoto wa nyuki, bado yamo ndani.

"Nitampigia tena," nikasema.

Maganga alishtuka. "Umwambie nini? Kwamba alichotoa sicho? Ng'washi mke wangu, unataka nilaaniwe? Mkwe akishatoa, ametoa."

"Basi nikukamulie asali, nichuje nta kwa kitambaa. Hiyo kazi nimekua nayo."

"Yule wa kwenye video hakuchuja."

Yule wa kwenye video alikuwa na nta iliyokwishachujwa, imekatwa vipande vizuri kama sabuni! Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Akachemsha vyote pamoja, nta, asali na majana, akachovya pikapu zake humo, akazirudisha zinanata. Na kwa kuwa kitu cha mkwe hakimwagwi, kilichobaki akalipaka gitaa zima ling'ae. Nyumba ilinukia vizuri, hilo siwezi kumnyima.

Kisha akawasha spika, akaongeza sauti, akaongeza tena. Hakuna mluzi. Sauti ilitoka safi, nzito, tamu, mpaka jirani akaja mlangoni kuuliza kama tumenunua redio. Maganga alikaa kitandani akalia. Nami nililia kidogo, nikajifanya ni moshi wa jiko.

Siku ya mavuno ibada ilifanyika nje, chini ya turubai, kwa sababu ya wageni na kwa sababu ya mbuzi na magunia yaliyoletwa kama sadaka. Ilikuwa kiangazi hasa, hakuna ua hata moja linalochanua kuanzia hapa hadi Malampaka. Maganga alifika mapema, akaliegesha gitaa kwenye kiti mahali ambapo turubai halikufika, akaenda kusaidia kupanga viti. Jua likalipata gitaa, nta ikalainika, asali ikaanza kutoka jasho.

Nyuki wa kwanza nilimwona wakati wa tangazo la pili. Sikumjali, maana nyuki mmoja ni mpita njia. Tulipoinuka kuimba wakawa wengi, na kufikia ubeti wa pili gitaa lilikuwa limebadilika rangi. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Hawakusema ufanye nini nyuki wakikufuata wewe.

Maganga ni mtoto wa kijijini, anajua kwamba nyuki ukimpungia mkono unamwita vitani. Basi alisimama tuli, akaendelea kupiga taratibu, nyuki wanatembea juu ya vidole vyake na kulamba. Mwalimu Clement wa Moshi yeye alipunga. Alipunga karatasi ya nyimbo, akapunga na koti. Nyuki wakaacha asali wakamfuata. Alikiruka kinanda, wageni wakafuata nyuma, turubai likalala upande mmoja, na mbuzi wa sadaka wakaelekea sokoni bila mnada. Katikati ya uwanja mtupu akabaki Maganga peke yake, kafunikwa nyuki, hajaumwa hata na mmoja, anamalizia kiitikio.

Hapo sasa ndipo pabaya. Babu yake Maganga alikuwa kiongozi wa ngoma zamani. Vikundi viwili vilikuwa vikishindana uwanja mmoja kuvuta watu, na hadithi inayojulikana na kila mtu huku ni kwamba mzee yule akizidiwa, anawatumia wapinzani wake nyuki. Basi hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mwenye kinanda kafukuzwa na nyuki, mwenye gitaa kabaki uwanjani. Kufikia jioni mji mzima ulijua kwamba Maganga amefufua dawa za babu yake. Wateja wawili walikuja dukani kuulizia, na hawakuulizia spea.

Baraza la wazee wa kanisa likamwita Jumamosi. Mzee Danford, mwenyekiti, aliliweka wazi: aeleze nyuki wametoka wapi, la sivyo hatapiga tena katika kanisa lile, yeye wala gitaa lake.

"Jibu ni jepesi," nilimwambia nyumbani. "Sema nta ilikuwa na asali."

"Watauliza nta ya nani."

"Utasema ya mama."

"Nisimame mbele ya watu niseme mkwe wangu alinipa kitu kikaleta balaa?" Alitikisa kichwa. "Bora niitwe mchawi. Na wewe ukimtaja mama yako pale, nahama mji."

Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola. Ila chini ya hasira hiyo, nikiri tu, nilimpenda kuliko siku ile ya sauti ya pili.

Jumamosi tukakaa kwenye mabenchi kanisani. Mimi nilikuwa na kitambaa cha sare za kwaya nilichotoka kukinunua. Mwalimu Clement alikuwa amevimba jicho moja na sikio. Gitaa liliwekwa mezani, mbali na madirisha. Mzee Danford akauliza, Maganga akalitazama gitaa lake. Mzee akauliza tena.

"Sina la kusema, mzee," Maganga akajibu. "Dawa sina. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Wazee wakatazamana. Mzee Danford alivua miwani, akashusha pumzi, nikajua anakwenda kutamka. Ndipo mlangoni ikasikika sauti ikisalimia Kisukuma: "Mwadila!"

Ilikuwa sauti ya mama. Habari zilikuwa zimemfikia Mkula kwamba mkwe wake anafuga nyuki kwa uchawi. Mimi sikumwita, na mpaka leo Maganga haniamini.

Mtuhumiwa alitoweka. Alipiga mbizi chini ya meza ya kinanda, ikabaki miguu tu.

"Anakimbia!" akasema Mwalimu Clement.

"Hakimbii," akasema Mzee Danford, ambaye ni Msukuma kama sisi. "Huyo ni mkwe wake. Wewe binti, una kitambaa? Weka pazia hapo katikati."

Nikakunjua kitambaa cha sare, nikashika pembe moja juu, mama mmoja wa baraza akashika nyingine, kikawa ukuta. Huku mama yangu, kule miguu ya mume wangu. Mama akaomba gitaa. Akalinusa, akalikwangua kwa ukucha pembeni mwa pikapu, akaonja.

"Hii ni asali yangu," akasema. "Ya migunga. Huyu aliomba nta."

"Sasa kwa nini ulimpa asali?" Mzee Danford akauliza.

"Nani anampelekea mkwe nta kavu? Kwani yeye fundi viatu?" Mama akageukia kitambaa, akakisemesha kitambaa. "Na wewe, mambo haya yote, kwa nini hukusema ni yangu?"

Miguu ikajikunja kidogo. Halafu chini ya meza ikatoka sauti ndogo: "Ilikuwa tamu, mayu."

Mzee Danford ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote, hata Mwalimu Clement, ingawa alikuwa ameshika sikio. Aliuliza kama hii ndiyo namna ya kuheshimiana huku, akaambiwa ndiyo. Akafikiri kidogo. "Mimi mama mkwe wangu ananipigia simu kila siku," akasema, na ilikuwa kama anatuonea wivu.

Shauri likaisha. Mwalimu Clement mwenyewe akasema gitaa libaki, ila lisafishwe. Nikadhani tunakwenda nyumbani, lakini mama alikuwa amevuta benchi.

"Mwambieni apige," akasema.

"Atapiga kesho kwenye ibada, mama," Mzee Danford akamjibu.

"Kesho mimi nasimama nje. Miaka yote nikija kwa binti yangu nasikiliza ibada nje, ukutani, nyuma ya dirisha lile. Yeye anakaa mbele, ningekaa wapi mimi? Leo nina kitambaa. Nataka nikae."

Sikuwa najua. Nilidhani mama anapenda upepo.

Maganga alitoka chini ya meza upande wake wa kitambaa. Wakampitishia gitaa kwa chini, wakachomeka spika. Alianza na wimbo ule wa sauti ya pili, na mama yangu, aliyeuliza mpiga gitaa ana ng'ombe wapi, akakunja mikono mapajani, akafumba macho. Baada ya wimbo wa kwanza akasema, "Mwingine." Mikono ilikuwa inaniwaka moto hadi mabegani, na mwenzangu wa pembe ile alikuwa ananikonyeza tupumzike, lakini mimi sikukishusha kitambaa.