Njuga Hazilii

Mzee wa karasha, yule anayesaga mawe ya dhahabu, akiingia dukani kwa Heena, Geita mjini, kwanza hupangusa kila eafoni inayouzwa kwa upindo wa shati. Huzitia masikioni, huweka ngoma ile ile ya Kisukuma kwenye simu yake, hufumba macho, kisha hutikisa kichwa. “Hizi ni besi tu, mwanangu. Njuga hazilii.” Huongea kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto.

Leo alipokataa tena, Heena alichoka, akazivaa eafoni mwenyewe. Njuga zilimwagika kama mvua juu ya bati. “Mbona zinalia, baba?” akapaza sauti, wateja wakacheka. Mzee akajishika sikio lililokaa na mngurumo wa mashine miaka yote. Akazinunua zile zile, upesi, kama mtu aliyefumaniwa. Heena akamrudishia chenji akiwa ameinamia droo, asimtazame usoni.