Filimbi ya Kwenye Kola

Mama ni fundi cherehani, na kila hofu yake huimaliza kwa sindano. Aliposikia chuo kinatupeleka kupanda mlima, alichukua koti langu la mvua akashonea filimbi kwenye kola. Wenzangu walinicheka njia nzima. Mtoto wa fundi nikaifumua uzi kwa uzi, nikaisukuma chini kabisa ya begi, chini ya soksi.

Siku ya pili nilichepuka njiani kujisaidia. Begi nililiacha kwenye jiwe, hatua kumi tu. Nilipoinuka, ukungu ulikuwa umeshuka, hata viatu vyangu sikuviona. Niliita, sauti ikanirudia kutoka pande zote. Nikapiga hatua moja kulifuata begi. Kokoto zikaporomoka mbele yangu, na sikuzisikia zikifika chini.

Kiongozi wetu alikuwa ametuonya kwamba anayepotea akae palepale alipo. Nikakaa, meno yakigongana, vidole vikipapasa kola na kukuta matundu ya sindano tu.

Ukungu ulipopungua, kiongozi alinikuta bado nimeishika kola ile.

“Filimbi huna?”

“Iko kwenye begi.”

Alilitazama begi kwenye jiwe nyuma yangu, kisha akalitazama korongo mbele ya miguu yangu.

Nyumbani sikueleza lolote. Mama alilikung'uta koti, akaona matundu. Akachukua sindano. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona akishindwa kutunga uzi.

Nikamtungia mimi.