Hadithi Kumi na Moja Zilizofanana

Prisca alikuwa amebakiza siku tatu. Ijumaa saa kumi jioni tasnifu yake ya shahada ya kwanza ilitakiwa ifike idarani ikiwa na saini ya msimamizi. Bila saini, hakuna kuhitimu mwaka huu, na kwao yeye ndiye wa kwanza kufika chuo kikuu. Jumanne asubuhi, akiwa nyumbani Nachingwea, msimamizi wake, Dakta Saturnini, akampigia simu kutoka chuoni. Huyu Dakta si mtu wa kupaza sauti, na hapo ndipo anapotisha.

Alisema amesoma kiambatisho chote. Wazee kumi na mmoja wa Narung'ombe, hadithi moja ya mama ambaye mto ulimtenganisha na mwanawe, na wote wanaisimulia vilevile, mpaka idadi ya mamba. Na tasnifu yenyewe inahusu nini? Tofauti za wasimulizi!

"Prisca, ama umetunga, ama umewakaririsha," akasema. "Nipe ukweli kabla ya Ijumaa. Vinginevyo sisaini."

Na ukweli usemwe: Prisca aliiona kasoro ile tangu mzee wa nne, akanyamaza. Akajaza sura nzima kwa kikohozi cha huyu na kicheko cha yule, akidai hizo ndizo tofauti. Njaa ya cheti nayo ina upofu wake.

Akapanda bodaboda hadi Narung'ombe. Alimkuta bibi yake mzaa mama, Bibi Dorotea, anakung'uta ufuta juu ya turubai pamoja na jirani yake, Mzee Kasmiri. Alipouliza kwa nini hadithi zao zilifanana, Mzee Kasmiri akaeleza huku uso umemchanua. Walisikia mtoto ana mtihani. Sasa kila mtu akisema lake, mwalimu si atamkosesha? Basi siku moja kabla hajaja na simu yake ya kurekodi, walikutana, wakabishana, wakachagua hadithi ya Kasmiri kuwa ndilo jibu, wakafanya mazoezi. Tena bibi yake alikosea mara mbili, wakamrudisha mwanzo.

Wanasema penye wazee haliharibiki neno. Jamani, hapo liliharibika, na kwa mapenzi matupu. Prisca alikaa chini kwenye mabua akalia kwa hasira na aibu, maana angewauliza mapema wangemwambia.

"Bibi, ya kwako ilikuwaje?" akauliza mwishowe.

Mzee Kasmiri akawahi kusema ya Dorotea haifai, haina mwisho. Katika yake yeye Kasmiri mto unagawanyika, mama anavuka, ngoma zinapigwa. Bibi akaweka mganda wake chini, akamwambia jirani yake akalete maji. Alipoondoka ndipo akasimulia, taratibu, Kimwera kikiingia na kutoka, Prisca akimrekodi kwa simu.

Katika ya Bibi mto haugawanyiki. Mama anasimama ukingoni kila jioni anamwita mwanawe, na mtoto anaitika kutoka ng'ambo. Miaka inapita, sauti inakuwa nzito, ya mwanamume. Siku moja haiitiki tena. Mama anaendelea kuita.

"Hiyo ya mama yangu," akasema Bibi. "Tulikimbia vita Msumbiji, mimi nikiwa mgongoni. Mtumbwi ulijaa. Kaka yangu Linus akaachwa aje safari ya pili. Mama aliisimulia hivyo mpaka anakufa."

Katika hadithi zote kumi na moja, mtoto hakuwa na jina. Prisca alikuwa ameihesabu hata hiyo kuwa ni sifa ya fani.

Jioni ile alimtumia Dakta rekodi mpya na barua ya kukiri yote: ya wazee, na ya kunyamaza kwake. Jumatano kimya. Alhamisi kimya. Ijumaa saa nane, akiwa bado kwa Bibi, simu ikalia. Dakta akasema sura ya nne yote ifutwe, aandike jinsi wazee walivyokubaliana na kile kilichofichwa ili wakubaliane. Idara imempa wiki mbili. Akimaliza, Dakta atasaini, na yeye atahitimu na wenzake.

Prisca akakaa kwenye turubai. Bibi hakuuliza alama.

"Na Linus," akauliza, "ataandikwa?"

"Ataandikwa, Bibi."

Bibi akageuka upande wa kusini, akalitamka lile jina kwa sauti, mara moja, kama anayeita.