Mkeka Mweupe wa Mama

Miaka ile ya mwanzo ya uhuru, hoteli zilipoanza kuota Diani, mimi nilikuwa seremala kijana mwenye maringo. Nilifanya kazi na Mzungu mmoja, mchoraji, aliyepewa kubuni viti na vitanda vya hoteli mpya. Picha zake zilinichekesha: turubai jeupe, mstari mmoja mweusi, basi. Nikamwuliza picha yenyewe iko wapi. Hakukasirika. Aliniambia wachoraji wapya wa kwao wamechoka na mapambo, wanatafuta kile kinachobaki ukishaondoa kila kitu. Nilipomchongea maua kwenye kiti, kama nilivyofunzwa, aliyafuta mwenyewe kwa randa. "Ondoa," akasema. Ikawa ndiyo kazi yetu, kuondoa. Na mimi, mjinga mimi, nikaja nikaupenda ufundi ule kupita kiasi. Mpaka leo viti vyangu havina ua hata moja.

Siku moja nikamleta kwetu Msambweni kula wali. Mama alikuwa mjane, msukaji, na mikeka yake ya rangi ilisifika hadi Funzi. Mgeni hakuitazama. Macho yake yalikwenda juu ya boriti, kwenye mkeka mweupe uliokunjwa. Akaomba auone. Nikaushusha, nikamkunjulia.

Huo ulikuwa mkeka wa mama wa kuzikiwa. Bibi zetu walikuwa wakijisukia wenyewe, mweupe, bila rangi yoyote, wakiuweka pamoja na sanda. Mama aliusuka mwaka mzima, akichagua ukindu jani moja moja. Mzungu alipiga magoti akaupapasa, akasema hajapata kuona kitu kama kile hata makwao. Je, mama angempa?

Mama hakujua Kiingereza, lakini macho ya mtu anayetamani hayahitaji mkalimani. Na kwetu, mgeni akikipenda kitu hupewa. Kutaja kifo mbele ya sahani yake ni utovu wa adabu. Kwa hiyo mama alinitazama mimi, nimsemee. Ningetamka tu kwamba huu ni wa maziko, yule mtu angeurudisha kwa heshima zote. Sikutamka. Nilitaka nionekane wa maana mbele yake. Nikamwambia, "Mama anasema chukua."

"Umemwambiaje?" mama akaniuliza.

"Nimemwambia auchukue, mama."

"Haya. Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akaenda jikoni. Hakurudi kukaa nasi.

Wiki iliyofuata niliukata vipande vya mraba kwa mikono yangu hii, nikavipigilia misumari kwenye migongo ya viti. Vilipendeza. Wallahi vilipendeza, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mama hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenitukana! Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuvimba, hakuweza tena kusuka. Akafariki kabla ya mvua za masika.

Wanawake waliomwosha walitoka uani wakaniuliza, "Mkeka wake uko wapi?" Wote walijua alikuwa nao. Nikatafuta uongo, sikuupata.

"Nimeupigilia kwenye viti vya hoteli," nikasema.

"Lahaula!" akasema mmoja wao. Niliona haya mpaka nikatamani niwe mimi niliyelala mle ndani.

Jirani yetu, bibi aliyemzidi mama umri, akaenda kwake polepole, akarudi na mkeka wake mweupe begani. Nikamwambia, "La, bibi, sistahili."

"Nani kakutaja wewe?" akanikatiza. "Mzike mamako. Mimi vidole vyangu bado vizima, nitasuka mwingine."

Alianza arubaini ilipokwisha. Kila asubuhi nikipita kwenda kazini nilimwona barazani, kauinamia, na kila asubuhi nilimwamkia shikamoo bila kumtazama usoni. Alipofariki ulikuwa umefika nusu. Tulimzika kwa mkeka wa rangi nilioununua sokoni.