Sufuria Mbili, Nyumba Moja

Bibi yangu, Bun-rye, anasugua migongo ya watu kwenye bafu la mtaa tangu sijazaliwa. Hapa mjini Gongju amekuwa mpangaji maisha yake yote, na kila chumba alichopata kilikuwa nusu ardhini. Dirishani alikuwa anaona viatu tu. Bwana Paeng, mwenye nyumba, alipomwahidi kwa mdomo nyumba ya ghorofani inayotazama Mto Geum, bibi alinunua mapazia siku hiyohiyo.

Siku ambayo, kwa imani yetu, pepo hawasumbui wanaohama ilipofika, magari yote ya mizigo yalikuwa yamekodiwa. Tukafanya kama wafanyavyo wengine: sufuria ya umeme itangulie na mchele ndani, vitu vingine vifuate kesho kutwa. Sufuria ikishaingia, umehamia.

Bibi akabonyeza namba za mlango. Akaingia, akasimama kama aliyepigwa kofi.

Katikati ya sebule tupu palikuwa na sufuria nyingine. Nyekundu, mpya, imejaa mchele.

"Jamani, ya nani hii?" akanong'ona, utadhani sufuria ingemsikia.

Nikashuka kumwita Bwana Paeng, akapanda na mkewe.

"Hiyo ya Seok-gyu, dereva wa basi," mkewe akasema. "Nilimpa nyumba hii tulipokutana sokoni."

"Umempa? Mimi nimempa huyu mama!"

"Si ungeniambia!"

"Nikwambieje, na wewe husemi nami tangu sikukuu ya mavuno?"

"Na bado sisemi nawe!"

Hapo Seok-gyu akaingia na mkewe, Mi-ran, tumbo kubwa, mkononi kifuko cha chumvi ya kubariki nyumba mpya. Walipoelezwa, Mi-ran akaegemea ukuta.

"Shikamoo bibi," Seok-gyu akasema kwa adabu. "Lakini yetu imetangulia. Tumeileta alfajiri."

Wote tukamtazama bibi. Nilijua atakubali. Bafuni hata akisukumwa huomba radhi yeye.

Bibi akabeba sufuria yetu mpaka jikoni, akaosha mchele, akachomeka waya. Tulisimama pale kama waliofiwa mpaka mvuke ukatoka.

"Yenu imeingia," akasema. "Yangu imepika."

Mke wa Paeng akaziba mdomo. Mimi sikuamini kwamba ile ilikuwa sauti ya bibi yangu. Mi-ran akaanza kulia.

"Wewe mzee," mke wa Paeng akamgeukia mumewe, "toa nyavu zako kwenye kile chumba chetu cha nusu ardhini. Hawa vijana watakaa pale mpaka nyumba nyingine ipatikane."

"Na zikikosa pa kukaa, mimi nivue kwa kitu gani?"

"Vua kwa huo mdomo, si ndio unaogawa nyumba!"

Hakuna aliyecheka.

"Nipe chumvi yako, mwanangu," bibi akamwambia Mi-ran. Mi-ran akampa. Bibi akafinyanga tonge la wali wa moto, akalitia chumvi, akampa yeye kwanza. Mi-ran akalishika, akalitazama, kisha akaliweka sakafuni mbele ya mlango, akashuka ngazi. Seok-gyu akamfuata, kakumbatia sufuria nyekundu.

Bibi akaenda dirishani. Mto ulikuwa pale, mpana, kama alivyoutaka. Punje za wali zilikuwa zimemganda vidoleni.

"Mjukuu wangu," akaniuliza, "ni mimi niliyefanya vile?"

Nilikuwa bado nalitazama lile tonge. Nikaenda kuliokota; lilikuwa bado la moto.