Siku Njia Iliposhika

Madereva walimwita Mzee Kipimo, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mtu mfupi mwenye mabega mapana, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kuwa mazito kwa kelele za injini. Karakana yake ya mabati ilibanana kati ya kiwanda cha magodoro na ukuta wa shule, na ndani yake palikuwa na kitu kimoja tu cha maana: mashine ya kupimia nguvu za magari. Ilikuwa magogo mawili mazito ya chuma yaliyozikwa sakafuni. Gari lilipandishwa pale, magurudumu ya nyuma yakakalia magogo, likafungwa minyororo mbele na nyuma, kisha likakanyagwa mafuta hadi mwisho. Magogo yalizunguka, mabati yakatetemeka, gari lenyewe haliendi popote, na kioo cha ukutani kikaonyesha injini ina nguvu za farasi wangapi.

Zamani alikuwa fundi wa mabasi. Kampuni ilipofungwa aliinunua mashine hiyo kwa chuo kilichokuwa kikiondoa vitu vyake vya zamani. Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, aliizunguka mara ya kwanza akiwa ameshika kiuno.

"Yaani gari linakimbia na haliondoki?"

"Ndiyo hivyo."

"Basi hongera, Mzee. Umepata mashine inayofanana na maisha yako."

Walicheka wote wawili. Siku hizo walikuwa bado wanacheka pamoja.

Wateja wake wengi walikuwa watu wa mbio za dragi: magari mawili sambamba, njia moja iliyonyooka, wa kwanza kufika mwisho ndiye bwana. Kwao namba ya Mzee Kipimo ilikuwa kama cheo. Mmoja alimsihi amwongezee farasi hamsini, "wa heshima tu, Mzee, harusi ya mdogo wangu ni Jumamosi." Mzee alimjibu kwamba farasi wake ni wale wale, kama ni harusi awavishe suti. Hakuwahi kumwongezea mtu hata farasi mmoja, na kwa hilo walimlaani na kumheshimu kwa wakati mmoja.

Alikuwa na mtoto mmoja, binti, ambaye watu wa mbio walimwita Cheche. Mama yake alijitahidi kumfundisha ushonaji, lakini kila akimtafuta kwenye cherehani alimkuta chini ya gari la mtu, miguu nje, akiimba. Alipokua alifanya kazi na baba yake mchana, na jioni akajenga gari lake mwenyewe kutoka kwa gari dogo kuukuu lililotelekezwa na mteja. Alibadilisha injini, akaichokonoa, akaipima, akaichokonoa tena. Namba ilipanda hadi ikavuka mia tano. Baba mtu aliitazama pale ukutani akasahau kuzima feni ya kupozea injini.

Tatizo likawa huko kwenye mbio. Zilifanyika kwenye uwanja wa ndege uliokwisha kuachwa, nje ya mji, na lami yake ilikuwa imechoka: vumbi, viraka, nyufa zenye majani. Jua likiwa kali inateleza kama sabuni. Cheche akiachia breki, magurudumu yalijizungukia palepale, moshi mweupe ukapanda, na kabla hajashika njia mwenzake alikuwa ameshaondoka. Alishindwa mara kwa mara na Muuza Matairi, mwanamume mpole mwenye kitambi, ambaye gari lake lilikuwa na nguvu pungufu kwa mbali.

"Baba, mashine yako inaongopa," alisema siku moja wakirudi, gari likiwa juu ya trela nyuma yao.

"Kasi yako pale mwisho ilikuwa ngapi kulinganisha na yake?"

"Ya kwangu kubwa. Kubwa sana."

"Basi injini ipo, na mashine haikuongopa. Ukitaka kujua nguvu ya injini, angalia kasi ya kumalizia. Ukitaka kujua njia ikoje, angalia muda wa kutoka. Kule kwangu gari limefungwa minyororo. Pale nje nani amelishika?"

"Hakuna."

"Lami ndiyo inayoshika. Na lami hii haishiki kitu."

Kwa hiyo habari zilipokuja kwamba waandaaji wa mbio wameamua kuitengeneza njia, nyumba nzima ilifurahi, hata mama mtu. Walifagia, wakajaza nyufa, wakanyunyiza gundi maalumu, kisha wakaburuta matairi mazito kwa trekta huku na huku hadi njia ikawa nyeusi na ya kung'aa, imepakwa mpira juu hadi chini. Mzee Kipimo alikwenda kuiona. Alikanyaga, akainua mguu. Mguu ukaja, kiatu kikabaki. Akasimama na soksi moja akicheka hadi machozi.

Lakini alikuwa fundi, na njiani kurudi kicheko kilimwisha. Miaka yote hiyo kule kuteleza kulikuwa kukiila nguvu ya gari pale mwanzo. Sasa magurudumu yakigoma kuteleza, nguvu ile ingerudi ndani ya gari lenyewe, na mahali pa kwanza ingepiga ni kwenye propela, chuma kirefu kinachopita chini ya dereva kupeleka mzunguko wa injini nyuma. Hata mashine yake haikuwahi kukijaribu chuma kile hivyo, maana kule mafuta hukanyagwa pole pole hadi yafike, hayaachiwi kwa kishindo.

"Viungo vya propela vibadilishwe," alisema.

"Nimevikagua, Baba. Vizima."

"Na ile pete?"

Pete ilikuwa duara la chuma nene, linalofungwa kuizunguka propela ili ikikatika isifike kwa mtu. Cheche alikuwa ameifungua walipobadilisha bomba la moshi, kwa sababu bomba jipya halikupata nafasi.

"Nikishatoka kwenye mbio hizi nitalipinda bomba, niirudishe. Muda hautoshi sasa. Nakuahidi."

Mzee aliingia chini ya gari mwenyewe, akaigonga propela kwa spana, akasikiliza, akaizungusha kwa mkono. Haikuwa na ufa. Wala haikulegea popote. Alitoka akajifuta mikono akasema, "Haya." Neno lenyewe ni hilo tu.

Siku ya mbio kulikuwa na wingu na ubaridi, hali ambayo injini inaipenda kwa sababu hewa inakuwa nzito na mafuta yanaungua vizuri. Watu walikuwa wengi kuliko kawaida, wameegesha magari ovyo hadi langoni. Mama mtu alikuja pia, na mwavuli wake, akakaa mbali na spika. Cheche alipangwa kushindana na Muuza Matairi. Alipomaliza kuyapasha matairi moto alimtazama baba yake pembeni ya njia, akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesema sawa, tuone.

Taa zikawaka. Gari halikuteleza hata kidogo. Lilirushwa kama limepigwa teke kwa nyuma, magurudumu ya mbele yakainuka juu ya lami, na umati ukapiga kelele ambayo Mzee Kipimo aliihisi kifuani. Alikuwa amenyoosha mikono juu. Kisha kukatokea mlio mmoja mkavu, na baada yake mapigo ya haraka ya chuma kwenye bati, kama mtu aliyefungiwa ndani anayegonga kwa nyundo. Mbele ya gari ikashuka kwa kishindo. Gari halikupinduka wala kutoka njiani. Liliendelea kunyooka, likipunguza mwendo taratibu, hadi likasimama lenyewe mbele kidogo ya katikati.

Wengi walidhani ni injini tu imekufa, wakaanza kusikitika kama wanavyosikitika watu wa mpira. Mzee alikuwa ameshaanza kukimbia.

Propela ilikuwa imekatika upande wa mbele, na mzunguko wake ukaipasua sakafu ya gari. Cheche alikuwa macho. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Baba, usiangalie chini," alisema.

Aliangalia. Alivua mkanda wake akaufunga juu ya goti la binti yake akaukaza kwa nguvu zote, na Muuza Matairi, aliyekuwa amesimamisha gari lake na kurudi kwa miguu, akamshikilia mabega. Gari la wagonjwa lilikuwepo, lakini lango lilikuwa limezibwa na magari ya watazamaji, na wenyewe wakaanza kutafutwa kwenye spika, mwenye gari jekundu, mwenye gari jeupe, tafadhali. Mama mtu alizunguka kwenye magari yale akipiga vioo kwa mwavuli hadi ukavunjika.

Hospitalini mguu wa kulia ulikatwa chini ya goti. Hapakuwa na namna nyingine, daktari alisema, na alisema kwa upole.

Ukumbini mama aliuliza swali moja tu. "Kulikuwa na kitu cha kuzuia chuma kile?"

"Kulikuwa na pete. Ilifunguliwa."

"Nani aliifungua?"

"Mimi," Mzee alisema.

Mkewe aliinuka. Aliondoka akakaa benchi la mwisho, karibu na choo, na kuanzia hapo walikaa kila mtu na benchi lake.

Cheche alipopata nguvu ya kuzungumza, jambo la kwanza alilouliza halikuwa mguu. "Nilitokaje, Baba? Zile saa za kupimia pale mwanzo zilisemaje?"

Mzee alikuwa anajua. Waandaaji walikuwa wamemwambia, kwa sauti ya chini kama watu wanaotoa pole: katika hatua zile za mwanzo, kabla chuma hakijakatika, hakuna aliyewahi kutoka haraka vile kwenye njia hiyo. Alimtazama binti yake, akaona lile tamanio machoni mwake, akaogopa.

"Saa hazikushika," alisema. "Ule mshtuko ulivuruga kila kitu."

"Ah," Cheche alisema, akageukia ukutani.

Akarudishwa nyumbani. Mama alikaa kwenye cherehani akikata suruali za binti yake, mguu mmoja mmoja, bila redio. Karakana ilifungwa. Mzee alishinda uani akipanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Siku moja Muuza Matairi akaja kumwona mgonjwa, na mfuko wa machungwa, na aibu usoni kama vile yeye ndiye aliyekata kile chuma. Hakujua la kusema, akasema jambo alilodhani litamfurahisha.

"Cheche, mimi nimekimbia pale tangu njia ni vumbi. Sijawahi kuona mtu akitoka vile. Saa zenyewe zinakutaja wewe hadi leo."

Mzee alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Cheche alimgeukia baba yake. Mgeni alielewa kwamba amekanyaga mahali pabaya, akaaga haraka na kusahau kofia yake.

"Kwa hiyo zilishika," Cheche alisema.

"Zilishika, mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa utataka kurudi."

"Nirudi na nini, Baba?"

Mzee aliinama. Aliweka chupa chini.

"Watu wazima wamekupigia magoti uwaongezee ukawakatalia. Mimi ukanipunguzia." Hakupaza sauti. "Na Mama ameniambia ulivyosema kuhusu pete. Mguu umeshaondoka. Basi hata kosa langu niachie."

"Ningeweza kukukataza."

"Ungeweza. Na mimi ningeweza kuifunga. Ya kwako ibebe, ya kwangu usiiguse."

Baada ya hapo Mzee hakusemezana na binti wala mke kwa wiki nyingi. Kilikuwa kimya cha nyumba ndogo, ambacho unapishana nacho mlangoni kwenda kuoga. Aliyekivunja ni mama. Alimwambia mumewe wakiwa jikoni, amempa mgongo, kwamba Cheche amemweleza ukweli wa pete, kumbe alibeba kosa lisilo lake lote, na kwamba hilo halimpunguzii yeye hasira, ila sasa anajua aigawe vipi. Kisha akampakulia chakula, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu hospitalini.

Karakana ilifunguliwa tena kwa sababu lazima watu wapate kula. Mzee akawa haweki gari kwenye magogo kabla hajaingia chini yake, na lisilo na pete alilikataa, hata mwenyewe akisema anataka namba tu, haendi mbioni. Wengi walihamia kwa fundi mwingine mwenye mashine mpya na maswali machache. Njia ile nyeusi iliendelea kutunzwa, na mbio zikazidi kuwa za kasi. Kila msimu zilivunja kitu cha mtu, mara gia, mara ekseli.

Cheche alipata mguu wa bandia, uliomchubua hadi akatembea nao nusu siku tu. Akapata kazi ya kupokea simu kwenye duka la vipuri, na baadaye chumba cha kupanga ghorofa ya pili. Mama yake alilia, akauliza kwa nini ngazi, na nyumbani kuna nafasi. Alijibu kwamba anataka mahali ambapo hakuna anayemtazama akivua mguu.

Mzee ndiye aliyemhamisha. Alipandisha godoro, akapandisha jiko, akarudi kuchukua sanduku, na akipanda nalo akamkuta binti yake katikati ya ngazi, ameshika reli, jasho linamtoka. Alinyoosha mkono.

"Tangulia, Baba," Cheche alisema.

Alitangulia. Alisimama juu akiwa ameangalia ukuta, akisikiliza kila hatua ikitua, mguu wa nyama na mguu wa plastiki, na hakugeuka hadi alipomsikia anafungua mlango.