Kabichi za Ognyan

Mume wangu Ognyan aliapa kuacha sigara siku Milena wetu alipozaliwa. Sikumwamini hata kidogo. Kila majira ya baridi, kila jioni, alishuka stoo ya chini kushughulikia pipa la kabichi: kuyatoa maji ya chumvi chini kwa bomba na kuyamimina tena juu, kabichi zisioze. Alirudi ananuka uchachu.

"Baba Milena, unajipaka hayo maji kuficha moshi, eti?"

"Shuka nawe ukaone."

"Nishuke na magoti haya? Mwongo mkubwa we!"

Alicheka tu. Miaka thelathini na moja.

Jumanne mshipa ukampasuka kichwani. Ubongo umekufa, wakasema madaktari hospitalini. Mashine ndiyo inayomsukumia hewa mapafuni na kuitoa tena. Nikakubali wachukue viungo vyake. Daktari Yordanova akauliza kama alikuwa akivuta sigara.

"Kama dohani," nikajibu. "Mapafu hayo msihangaike nayo."

Wakayachungulia hata hivyo, kwa mrija wenye kamera. Daktari akarudi, akaketi karibu yangu.

"Mama, mapafu ya mumeo ni safi kabisa. Yupo mtu anayeyangoja."

Nikamwendea Ognyan kitandani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka, mkono wake una joto lile lile. Nikamwinamia sikioni.

"Baba Milena, nisamehe."

Mashine ikaendelea kuvuma.

Nyumbani kabichi zina siku nne hazijashughulikiwa, na mimi sijui hata bomba la pipa liko upande gani.